Tundu Namba Ishirini na Mbili

Asubuhi ya Jumatano, saa mbili kasoro, mama wa mshukiwa alikuwa tayari amekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya upelelezi. Alijifunga kitenge cha kijani na mtandio mweusi, na mikono yake ilinuka sambaza, vidagaa vya ziwani, kwa kuwa alitokea moja kwa moja sokoni. Mlinzi alimweleza kwamba chakula cha mahabusu kinapokelewa mlango wa pembeni. Akajibu kwamba hakuleta chakula.

Mpelelezi Vénantie Uwingabire alimsalimia huku akitembea. Mama akainuka, akamzibia njia.

"Afande, mi ni Nyirasafari. Mama ya Faradji."

"Nakujua, mama. Mwanao yuko salama."

"Sikukuja kulia. Niko na swali moja tu. Mutu akisha kuharibu kitu, anaenda kujisifu kwa mama yake ya nini?"

"Kujisifu vipi?"

"Jumatatu, magaribi, alirudi nyumbani na furaha. Akasema, 'Mama, leo mashini ya chuo ilikufa, mi nikaiamsha.' Akakula sahani mbili. Kesho yake mukamufunga."

"Kila mtu ana maneno yake ya kumwambia mama yake," alisema Uwingabire, akampita.

Mezani kwake hakuketi. Alifungua faili akiwa bado na mkoba begani.

Kesi ilikuwa nyepesi, na wepesi wake ndio uliompendeza tangu mwanzo. Jumatatu, katika chuo cha ufundi kilicho kwenye barabara ya kuteremkia Rubona, wanafunzi kumi na tisa wa mwaka wa mwisho walikuwa wakifanya mtihani wa vitendo: kusanifu mtandao wa kompyuta wa hospitali ndogo, kuusimamisha, kisha kurekebisha hitilafu walizotegewa. Majibu yote yalihifadhiwa kwenye seva ya chuo. Saa tatu na robo mtandao ulikufa, na kompyuta zote zikaganda. Wasimamizi waliotoka Kigali walisubiri hadi saa tano, wakafunga mikoba yao, wakaufuta mtihani. Saa tano na robo mtandao ukarudi. Wenyewe, watu walisema.

Kazi kumi na tisa za mafunzo, nyingine katika kiwanda cha bia na nyingine forodhani, zilikuwa zinangoja matokeo ya mtihani ule. Mkuu wa chuo alikataa kuamini kuwa ni bahati mbaya, akaita wapelelezi.

Ushahidi ulikuwa karatasi moja. Katika kabati la mtandao la chuo kuna swichi, sanduku la chuma lenye matundu ishirini na manne, linalounganisha kompyuta zote. Swichi hiyo huandika yenyewe kila linaloipata. Mwalimu Ndahiro, mkuu wa idara, ndiye aliyeichapa karatasi hiyo na kutia saini chini. Uwingabire alikuwa amepiga mistari myekundu chini ya sentensi mbili:

09:12 — faradji ameingia.

09:14 — faradji amefunga tundu 22.

Dakika moja baadaye, chuo kizima kilikuwa gizani. Sababu nayo ilipatikana bila taabu: katika mtihani wa majaribio Faradji alipata alama thelathini na nane. Mtihani ukifutwa, anapata muda.

Basi Jumanne saa nne Uwingabire alikwenda kumchukua darasani, mbele ya wenzake, akamfunga pingu. Faradji alikuwa mtu wa miaka ishirini na tisa, fundi cherehani wa mtaa wa Majengo aliyerudi shule akiwa mtu mzima. Hakukimbia. Alisema jambo moja tu: "Afande, ile saa haiko ya kwetu. Iko saa ya Uzungu." Uwingabire alirudia kwa sauti, "Saa ya Uzungu?" na darasa likaangua kicheko. Yeye mwenyewe alitabasamu.

Sasa alitoa mkobani daftari lake la maelezo ya mkono na kuliweka kando ya maelezo yaliyochapwa. Yaliyochapwa yalisema: Mshukiwa amekiri kuingia katika swichi na kufunga tundu namba 22. Daftari lilisema vivyo hivyo, kisha likaendelea kwa maneno matano ya wino: anasema eti alikuwa anatengeneza. Bure.

Neno "bure" lilikuwa la Uwingabire mwenyewe. Maneno mengine ya Faradji aliyaacha nje wakati wa kuchapa, kwa sababu Kiswahili cha mshukiwa kilikuwa kimevurugika na sentensi ilikuwa ndefu.

Mlango ulifunguliwa. Alikuwa Mbarushimana, mkuu wake.

"Faili linakwenda kwa mwendesha mashtaka saa tisa. Tayari?"

"Limebaki jambo moja, mkuu."

"Jambo gani?"

"Sijui bado."

Mbarushimana alimtazama kana kwamba amesikia vibaya. "Saa tisa," akasema, akafunga mlango.

*

Chuoni alimkuta Mwalimu Ndahiro kwenye korido, ana flashi mkononi, anaelekea maabara.

"Karibu, afande. Nakwenda kuchapa barua. Ofisini kwangu mtandao haupo tangu Jumatatu, nafanya kazi kama mkimbizi."

Alikuwa mtu wa miaka hamsini, koti limenyooshwa, Kiswahili chake safi. Jumatatu, walipoonana mara ya kwanza, waligundua kwamba wote wawili walikulia Karagwe, ng'ambo ya mto, kabla familia zao hazijarudi Rwanda. Katika mji ambao kila mtu huchanganya Kiswahili cha Goma na Kifaransa, Uwingabire alifurahi kumpata mtu anayesema kama yeye. Hakumwuliza maswali mengi.

"Nahitaji karatasi ya wasimamizi," alisema. "Ile inayoonyesha nani alitoka chumbani na saa ngapi."

Ndahiro aliileta. Wanafunzi watatu walikuwa wametoka kwenda msalani, wote baada ya saa tatu na nusu. Jina la Faradji halikuwamo. Toka saa mbili na nusu hadi saa tano hakuinuka kitini.

"Hilo halimsaidii," Ndahiro alisema upesi. "Mtu anaweza kuingia kwenye swichi akiwa kitini kwake, kwa njia ya mtandao. Ndiyo tunayowafundisha."

"Sawa. Nipatie mwanafunzi mmoja aniongoze kwenye kabati."

"Nitakuongoza mimi."

"Wewe umeshatia saini, mwalimu. Nataka mtu mwingine."

Ndahiro aligeuza flashi vidoleni mara mbili. Kisha akaita darasani, na mwanamke akatoka.

Aliitwa Illuminée. Alikuwa na miaka arobaini na sita, mkubwa kuliko wanafunzi wote. Alizaliwa Goma, akaishi huko hadi alipokuwa mama wa watoto wawili, kisha akauza caguwa, nguo za mitumba, upande huu wa mpaka kwa miaka kumi na mitano. Watoto walipomaliza shule, akaingia yeye. Kitini alikaa jirani na Faradji. Jumanne alikuwamo darasani, na Uwingabire alikumbuka uso wake kati ya waliocheka.

Kabati lilikuwa nyuma ya maabara, limebandikwa lakiri ya ofisi ya upelelezi. Uwingabire alimpa kwanza karatasi yenye mistari myekundu.

"Soma huo mstari wa saa tatu na dakika kumi na mbili. Wote, hadi mwisho."

Illuminée alivaa miwani. "Faradji ameingia. Halafu iko neno hili hapa, la mwisho. Hili haukupiga mustari."

"Linasema nini?"

"Linasema alipita njia gani. Hakupita kwa mtandao, madame. Alipita kwa waya ya buluu, ile unachomeka kwa swichi yenyewe. Lazima usimame hapa hapa, mbele ya kabati, na ordinateri, kompyuta, mukononi."

Uwingabire aliishika karatasi ya wasimamizi kwa mkono wa kushoto na ya swichi kwa mkono wa kulia. Wasimamizi wawili na wanafunzi kumi na wanane walimwona Faradji kitini. Swichi ilimwona kabatini. Mmoja kati ya hao alikuwa amekosea saa.

"Saa ya swichi ni sahihi?"

Illuminée alivua miwani akaifuta kwa ncha ya kitenge, na haikuwa na uchafu.

"Nakuuliza, mama."

"Tujaribu, madame. Afazali uone kwa macho yako."

Uwingabire aliandika daftarini kwamba anaivunja lakiri yake mwenyewe, akaandika saa, akaivunja. Illuminée alichomeka waya wa buluu, akafungua kompyuta ndogo ya maabara, akaandika jina lake na neno lake la siri.

"Tazama telefone yako. Saa ngapi?"

"Nne na dakika thelathini na sita."

Illuminée aligonga kitufe, akageuza kioo. Mstari mpya kabisa ulikuwa umejiandika chini ya mingine yote.

08:36 — illuminee ameingia.

Uwingabire aliusoma. Akatazama simu. Akausoma tena.

"Saa mbili nyuma," alisema.

"Iko saa ya dunia, ile ya Ulaya ya kupimia. Ukinunua swichi inakuja hivyo. Unapashwa kuiambia uko Rwanda, uongeze mbili. Hii hakuna mutu aliiambia. Sisi wote tunajua. Tukisoma, tunaongeza mbili kwa kichwa."

"Wote mnajua."

"Wote."

"Na jana? Alipolisema lile neno, mkacheka?"

"Ulicheka we kwanza, madame." Illuminée aliinamisha kichwa. "Na mi nikacheka. Rafiki yangu anafungwa, mi nacheka. Usiku mzima natafuta ilikuwa kwa nini."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa na pingu."

Uwingabire alivuta kiti akakaa. Alichukua kalamu na kwenye pembe ya karatasi akaongeza mbili, polepole, kama mtoto anayejifunza hesabu. Saa tatu na dakika kumi na mbili ikawa saa tano na dakika kumi na mbili. Kwa saa hiyo mtihani ulikuwa umeshafutwa, wanafunzi wako uani, maabara ni tupu. Faradji akaingia peke yake, akasimama mbele ya kabati, na saa tano na dakika kumi na nne akafunga tundu namba ishirini na mbili. Saa tano na robo mtandao ukarudi.

Haukurudi wenyewe. Uwingabire alikuwa amemfunga pingu mtu aliyeurudisha.

"Kufunga tundu kunarekebisha nini?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa chini.

"Kama ugonjwa iko inaingilia hapo, unafunga hapo. Kama kufunga robinet ya maji."

"Basi nionyeshe saa tatu na robo ya kweli. Nionyeshe ugonjwa."

"Hiyo itakuwa saa moja na robo ya swichi." Illuminée alipandisha maandishi juu, akasimama ghafla. Mistari ilijaza kioo chote, yote ya namna moja, imeanza 07:15. "Yesu. Angalia. Kitanzi. Kitanzi nyuma ya tundu ishirini na mbili. Inalia hivyo saa mbili nzima."

"Kitanzi ni nini?"

Illuminée alichukua waya mfupi, akashika ncha zote mbili kwa mkono mmoja. "Waya moja, ncha mbili, mutu anazichomeka zote kwa kisanduku kimoja. Habari inatoka huku, inaingia huku, inatoka tena, inaongezeka, mupaka mtandao yote inazama."

Mistari hiyo haikuwa kwenye karatasi ya Uwingabire. Aliigeuza. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, iliandikwa: ukurasa wa 2 kati ya 2. Ilikuwa imekaa kwenye faili lake tangu jana, na hakuna aliyeuliza ule wa kwanza uko wapi.

"Tundu hili linakwenda wapi?"

Illuminée alifuata waya kwa kidole hadi kwenye kibandiko chake. Kilikuwa na namba ya chumba. Aliisoma kimya, akasogea pembeni ili Uwingabire aisome mwenyewe.

Ilikuwa ofisi ya mkuu wa idara.

*

Ndahiro alikuwa amerudi mezani kwake, barua yake imeshachapwa. Uwingabire alifunga mlango. Hakusubiri kukaribishwa, aliinama akatazama chini ya meza. Karibu na ukuta palikuwa na kisanduku cheupe cha matundu matano, kinawaka taa moja tu.

"Hiki kiliwekwa lini?"

"Kipo siku nyingi."

"Hakina vumbi, mwalimu. Sakafu inayokizunguka ina vumbi."

Ndahiro aliweka kalamu chini. "Jumatatu asubuhi. Wageni wa mtihani walitaka mashine ya kuchapia."

"Nani alikiunganisha?"

"Fundi."

"Fundi gani? Jina."

Ndahiro akaitazama barua yake. Nje, pikipiki ilipita ikipiga honi kuelekea Rubona.

Uwingabire alifungua kompyuta ndogo aliyotoka nayo maabara, akaigeuza kumwelekea. "Nisomee mstari wa kwanza, ule wa saa moja na robo. Mimi sikusomea mambo haya."

Ndahiro aliusoma, kwa sauti ileile safi, kama anasomea darasa. Alipofika kwenye neno kitanzi, sauti ilikatika, ikabidi aanze tena.

"Endelea," Uwingabire alisema.

"Nilikuwa na haraka. Wageni wamesimama mlangoni, mkuu wa chuo anapiga simu. Nikachomeka waya ncha moja. Nikaona ncha nyingine imelala sakafuni, sikuangalia inatoka wapi, nikaichomeka nayo." Alifuta paji la uso kwa kiganja. "Ni somo la wiki ya kwanza, afande. La wiki ya kwanza! Nalifundisha huu mwaka wa kumi na mbili. Kila darasa nawaambia, mjinga pekee ndiye anayefanya hivyo."

"Ulijua lini?"

"Jumatatu jioni, nilipoinama kuchomeka simu. Nikauchomoa ule waya."

"Na Jumanne nilipokuja?"

"Nilijua."

"Na habari ya saa ulijua."

"Nayo nilijua."

"Ukanipa ukurasa wa pili peke yake."

Ndahiro aliinua uso. Macho yalikuwa mekundu, lakini hakuyaondoa. "Hukuomba mwingine. Ulipoliona jina la Faradji, hukutafuta kingine, afande. Hukuniuliza kama ile saa ni sahihi. Uliniuliza kama karatasi imetoka kwenye swichi, nikasema ndiyo, nikatia saini. Nikajiambia watauliza. Wataalamu wataangalia, wataona, wataniita. Nilikaa hapa nangoja kuulizwa."

"Na nisingekuja leo?"

Ndahiro alikitazama kisanduku chini ya meza. Uwingabire naye hakurudia swali. Alimsomea haki zake, akaandika maelezo yake yote, pamoja na yale yaliyomhusu yeye mwenyewe. Mara hii aliandika kila sentensi hadi mwisho, akamsomea, akampa asaini.

"Chukua koti lako, mwalimu. Tunakwenda ofisini. Utajibu kuhusu ile saini."

Walitoka pamoja. Ndahiro alitangulia, mikono imening'inia huru. Illuminée alikuwa amesimama kwenye korido, na nyuma yake wanafunzi wengine walikuwa wamejaza mlango wa darasa. Walimtazama mwalimu wao. Kisha wakamtazama mpelelezi.

"Huyu haumufungi pingu?" Illuminée aliuliza. Aliuliza kwa upole kabisa.

Uwingabire alisimama. Pingu zilikuwa kiunoni mwake, kila mtu alikuwa akiziona. Mtu huyu hatakimbia. Ana nyumba, ana cheo, amekiri. Faradji naye alikuwa na nyumba, na hakukimbia.

"Hapana," alisema. "Na yule mwingine sikupaswa kumfunga."

Illuminée akapisha. Uwingabire alitembea korido yote hadi lango huku akisikia viatu vyake mwenyewe.

*

Mbarushimana alisoma maelezo yote mawili akiwa amesimama dirishani. Alipomaliza, aliyapanga vizuri mezani, kingo kwa kingo.

"Bahati nzuri faili halijafika kwa mwendesha mashtaka. Andika kwamba palikuwa na hitilafu ya saa ya mtambo. Kijana atoke kwa mlango wa pembeni, arudi kwao. Yatapoa."

"Saa haikuwa na hitilafu, mkuu. Ilikuwa inafanya kazi yake. Mimi sikuisoma."

"Unataka niandike hivyo?"

"Nimeshaandika."

Aliweka ukurasa wake juu ya zile nyingine, akatoka kabla hajajibiwa.

Faradji alikuwa amekaa kwenye godoro, anachezea uzi uliochomoka kwenye pindo la shati lake, akijaribu kuurudisha ndani kwa kucha. Alipomwona mpelelezi, alisimama na kunyoosha mikono mbele, viganja juu. Uwingabire alichelewa kuelewa. Alikuwa anampa mikono afungwe.

"Hapana. Shusha." Akaacha mlango wazi nyuma yake. "Faradji, umeachiwa. Ulisema kweli tangu mwanzo. Mwalimu Ndahiro amekiri. Nimekukosea, na nakuomba unisamehe."

Faradji alishusha mikono. Hakuonekana kufurahi. Alitazama ukuta wa kushoto, akatazama wa kulia.

"Hapa kuko nani, afande?"

"Mimi na wewe."

"Donc, basi, haujaomba bado."

Uwingabire alitikisa kichwa kukubali. Saa nane kasoro wakapanda gari kwenda chuoni, wao wawili na Nyirasafari, ambaye hakuwa ameondoka kwenye benchi tangu asubuhi. Njia nzima mama alimnong'oneza mwanawe. Alimshika mkono wa shati, kama mtu anayevuka barabara na mtoto.

Wanafunzi kumi na wanane walikuwa wamekaa. Mkuu wa chuo alikuwa ameshawatangazia kwamba wasimamizi wamekubali kurudi wiki ijayo na mtihani utafanywa upya. Palikuwa na furaha kidogo chumbani, ikazimika mlango ulipofunguliwa.

Uwingabire alisimama mahali palepale aliposimama Jumanne.

"Jana nilimtoa hapa Faradji kwa pingu," alisema. "Niliwaambia ameharibu mtihani wenu. Si kweli. Mtandao uliharibika saa tatu na robo, na yeye ndiye aliyeurekebisha saa tano na robo, wakati sisi wengine tumeshindwa. Alinieleza. Nilisikia, nikamcheka, na kwenye karatasi sikuliandika neno lake. Nilimdharau kwa anavyosema, nikamwamini mwingine kwa anavyosema. Kosa ni langu. Faradji, nakuomba radhi mbele ya wenzako."

Msichana mmoja wa mbele alifunika uso kwa daftari. Illuminée alikuwa analia waziwazi, bila kujifuta.

Faradji alikuwa bado mlangoni.

"Nimesikia," alisema. "Mi nimesikia, na hawa wamesikia. Asante. Lakini mama yangu jana hakukuwa hapa. Yeye alisikia kwa soko. Mwanamuke moja alimuambia mbele ya wateja, mama ya mwizi wa mtihani. Mupaka leo hakuuza hata kikombe kimoja ya sambaza." Akamgeukia. "Kule utaenda siku gani, afande?"

Uwingabire alimtazama Nyirasafari. Mama hakuinamisha macho.

"Sasa hivi," alisema.

Soko lilikuwa limejaa, saa ile ambayo wanawake wa Goma wanamalizia kununua kabla ya kurudi mpakani, Grande Barrière. Nyirasafari alitangulia kati ya meza, mwanawe nyuma yake, mpelelezi nyuma yao, fulana ya kazi ikiwa mwilini ili kila mtu aione. Watu walipisha. Minong'ono iliwafuata. Mama alisimama kwenye meza ya kwanza, ya muuza nyanya.

"Acha kupanga kidogo," alimwambia. "Huyu afande iko na neno."

Muuza nyanya aliitazama fulana, akamtazama Faradji, akaweka nyanya chini. Uwingabire alipitisha macho kwenye safu ile hadi ukutani. Meza zilipita arobaini, na hiyo ilikuwa safu moja.

"Naitwa Vénantie Uwingabire," alianza. "Ni mimi niliyemkamata mtoto wa mama huyu, na nilimkamata bure."

"Sema kwa nguvu," akaita mwanamke wa meza ya tatu. "Huku hatusikie."